Pikapu yenye nyumba mgongoni au kibasi cha kulala: yaliyonikuta Nakivale

Wakuu, salaam kwenu wote.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza anunue gari gani la kusafiria na kulala: pikapu yenye kijumba cha kupandisha na kushusha, au kibasi kilichogeuzwa nyumba. Mkamjibu kurasa tatu. Injini, mafuta, spea.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ana mtoto.

Mimi nimemiliki vyote viwili. Ninayoandika hapa hayakusimuliwa na jirani, nilikuwemo ndani. Kama unatafuta mtu wa kukubembeleza, pita uzi mwingine.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, naishi kambi ya Nakivale, Uganda. Nina mume na binti mmoja, Neema. Tunauza vitenge na sabuni kwenye magulio. Leo huku, kesho Rugaaga, kesho kutwa kwingine. Gulio linaanza asubuhi sana, kwa hiyo tunafika siku moja kabla na kulala kwenye baraza la duka la mtu.

Neema ana kifua. Muuguzi wa hospitali ya Ruharo, Mbarara, alituambia wazi: huyu mtoto asilale kwenye baridi. Kumwacha nyumbani haiwezekani, bado ananyonya.

Basi tukauza mashine yetu ya kusaga mahindi ili tupate gari la kulala. Mashine ndiyo ilikuwa mali yetu yote. Kukosea hatukuruhusiwa.

Nyamitanga, hukohuko Mbarara, kuna gereji, na mwenye gereji alikuwa na magari mawili yaliyoachwa na watalii. La kwanza pikapu, mgongoni ina kijumba cha bati jepesi: kitanda, jiko dogo, dirisha. Kijumba kina miguu minne ya jeki. Unaishusha miguu, unaondoa pikapu, nyumba inabaki imesimama peke yake kama meza.

La pili kibasi. Kitanda nyuma, dereva mbele, katikati unapita.

Mimi nilitaka kibasi. Nilisema mara moja tu, kwa sauti ya kusikika.

Mume wangu alikuja na rafiki yake, mwalimu wa kwaya. Sijui mwalimu wa kwaya anajua nini kuhusu magari, lakini alipiga matairi teke moja moja, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mama Neema, weye hauone?" mume wangu akasema. "Nyumba tunashusha, pikapu inaenda kubeba mihogo. Ni bintu mbili mu kimoja!"

"Shemeji," mwalimu wa kwaya akaongeza, "kabasi ni ka kulala tu. Mwanaume hanunue usingizi."

Mwenye gereji, mzee wa Kinyankole, akanitazama mimi na mtoto mgongoni. "Nyabo, mama, kwa mutoto hii basi iko muzuri. Lakini mzee yako ndiyo anajua."

Mzee wangu alijua. Tukanunua pikapu.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenda Rugaaga. Mbele walikaa mume wangu na mwalimu wa kwaya, aliyeomba lifti. Nyuma, ndani ya kijumba, mimi na Neema. Kati yetu vioo viwili na bati. Hakuna pa kupita.

Barabara ni ya vumbi, na kijumba kinayumba kwenye kona kama mlevi anayetafuta kwao. Neema akaanza kukohoa, akatapika, akawa anavuta pumzi kwa shida. Nikagonga ukuta. Nikagonga kwa sufuria. Nikavua kiatu nikagonga kwa kiatu.

Mbele walikuwa wanafanya mazoezi ya kwaya. Sauti ya kwanza na sauti ya tatu.

Waliposimama Rugaaga, mume wangu akafungua mlango akauliza, "Mumelala vizuri?"

Sitaandika nilichomjibu. Huu ni uzi wa watu wote.

Lakini nilivumilia, kwa sababu angalau mtoto alilala pakavu. Kumbe lililokuwa linakuja lilikuwa kubwa zaidi.

Jumapili moja tulikuwa nyumbani, na mume wangu akashusha kijumba kwenye kiwanja chetu ili watu wa kanisa wakione. Mama yangu mzazi akaja kututembelea, kwa miguu, kutoka Rubondo, upande mwingine wa kambi.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiojua desturi yetu. Mkwe na mama mkwe ni heshima kubwa. Mume wangu hata mkono hampi mama, humsalimia akiwa ameangalia pembeni. Na kitanda ambacho mama mkwe amelalia, mkwe hakilalii tena maisha yake yote. Kitanda hicho kinakuwa cha mama mkwe, anapelekewa kwake.

Kwenye nyumba ya tope hakuna tatizo. Kuna sebule, kuna chumba, mama anabaki sebuleni. Kwenye kile kijumba, ukifungua mlango uko kitandani.

Mume wangu, kwa sifa zake, akaniambia mbele ya watu: "Ambia mama aingie apumzike. Hii nayo ni nyumba."

Mama akaingia. Akaona godoro. Alikuwa ametembea tangu asubuhi. Akalala, tena akakoroma, kanisa zima likisikia.

Na mimi nina kosa langu, silifichi. Nilikuwa napika sombe, yaani kisamvu, nikaona miguu yake kitandani, nikanyamaza. Mama yangu alikuwa amechoka.

Keshoye mume wangu akarudisha pikapu chini ya kijumba ili twende gulioni. Akasimama. Akachungulia ndani kupitia dirisha.

"Mama Neema, kile kitanda..."

"Kina nini?"

"Mama alikilalia."

Nikamwambia tubadilishe godoro. Akasema si godoro, ni kitanda. Nikamwambia tung'oe kitanda. Tukaangalia wote wawili. Kitanda kimeumbwa pamoja na ukuta. Ukikitoa, nyumba inafunguka kama boksi.

Akaitwa mwalimu wa kwaya. "Ndugu yangu, hapo haulale tena," akasema. "Upelekee mama kitu chake."

Wakuu, tulimpelekea mama mkwe nyumba nzima. Tuliibeba kwa pikapu mpaka Rubondo, tukaishusha kwa jeki zake. Mama akaizunguka, akasema, "Mimi sikuomba nyumba. Lakini kwa kuwa mumeileta, mlango muugeuze uangalie barabara."

Tukaugeuza.

Sisi tukabaki na pikapu tupu, na baraza la watu. Mvua ilitukuta gulioni mara mbili. Baada ya hapo tulikaa Ruharo siku nne, Neema ana mpira wa hewa puani, na mume wangu amesimama mlangoni ameshika kofia kwa mikono miwili.

Siku tuliyotoka hospitali sikurudi kambini. Nilimwambia aendeshe mpaka Nyamitanga.

Kibasi kilikuwepo, kuku wamelala chini yake. Mwenye gereji akatazama mgongo wa pikapu.

"Nyumba iko wapi?"

"Kwa mama mkwe," mume wangu akajibu.

Mzee akafikiri. "Eh. Mkwe yako iko na bahati." Akakubali tubadilishane gari kwa gari.

Mtasema hata kitanda cha kibasi mama angeweza kukilalia. Hapana. Kibasi hakishuki chini kikawa nyumba. Hakuna anayemkaribisha mama mkwe alale ndani ya gari lenye usukani.

Wiki iliyofuata tulienda Rugaaga. Njiani Neema akakohoa mara moja, kikohozi kidogo tu. Sikugonga kitu. Kabla sijafungua mdomo mume wangu alikuwa ameshapunguza mwendo, amegeuza shingo, anauliza, "Anapumua?"

Anapumua.

Funzo langu ni hili. Kabla ya kuuliza habari za injini, mlaze mtoto pale atakapolala, wewe kaa kwenye usukani, milango ifungwe, gari lingurume. Akikohoa na usipomsikia, hilo gari si lenu, hata kama linabeba mihogo ya wilaya nzima.

Uwanja ni wenu, changieni, hata kutukana ruksa. Ila wewe unayejiandaa kuniandikia niheshimu mume, anza kwa kutuambia mtoto wako jana alilala wapi.