Mfuko wa supamaketi nyingine

Jamani, leo nimefumwa na mfuko wa supamaketi nyingine mkononi!

Miaka yote nanunua kwenye supamaketi ya Baba Zuhura. Bei zake ziko juu kidogo, lakini bomba zikikauka hapa Newala, wateja wake tunachota maji bure kwenye tanki lake.

Leo nikaingia ile mpya ya hapa mjini, tawi la supamaketi ya Masasi. Mafuta ya kula bei chee, nifanyeje?

Natoka tu, huyu hapa Baba Zuhura!

"Shikamoo."

"Marahaba." Macho yote kwenye mfuko. "Mafuta wanauzaje?"

Nikamtajia. Mdomo huu!

"Mh, wametushinda. Haya, jioni njoo uchote, tanki limejaa."

Jioni ndiyo hii. Ndoo ziko mlangoni, ndani hakuna hata tone.

Nyie mngeenda?