Dohani ya Kushoto

Sina shahidi, na meta, ile tepu ya kupimia niliyotumia siku ile, imebaki ndani ya ukuta. Utaniamini au hutaniamini. Lakini mimi ni mtu anayerudia kipimo mara tano kabla ya kukiandika, na haya nimeyarudia kichwani kuliko kipimo chochote. Yalitokea hapa Lubumbashi, Jumapili moja ya mvua, saa kumi alasiri. Wala hakukuwa na giza.

Nyumba yenyewe ni ya matofali mekundu, ya enzi za wakoloni. Watu husema aliyeijenga alikuwa Mwingereza aliyepanda na reli kupitia Sakania, mpakani, akataka nyumba kama za kwao: mlango katikati kabisa, nguzo mbili nyeupe, madirisha manne chini na matano juu, upande wa kulia ukilingana na wa kushoto kama uso kwenye kioo. Matofali yalifinyangwa kwa udongo wa vichuguu, ndiyo maana hata leo msumari hauingii kirahisi. Juu ya paa kuna dohani mbili za moshi. Ya kulia ina meko chini yake. Ya kushoto haina kitu. Ilijengwa tu ili ifanane na mwenzake. Nakiri kwamba jambo hilo nililipenda. Mimi pia siwezi kulala picha ikiwa imepinda ukutani.

Siku hizi zinakaa humo familia nne. Mama yangu ana chumba kimoja, chini, upande wa kushoto. Ilipokuja barua ya manispaa kwamba nyumba itabomolewa kwa sababu ya uzee, tuliachiwa njia moja: Jumatatu tupeleke mchoro kamili, unaoonyesha kwamba kuta zinazobeba nyumba ni nzima, hazina uwazi ndani. Majirani wakanigeukia mimi, niliyejifunza kuchora peke yangu, kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada na video za kwenye simu. Sina diploma. Naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa kuugua. Na mchoro ukikataliwa, mama angelala wapi? Mguu wake ulikuwa umevimba, hata ngazi tatu za barazani zilimshinda.

"Weye mutoto," aliniambia Jumapili ile, akijilaza baada ya chakula, "siku ya ine sasa unapima ile nyumba. Unazani usiku inaongezekaka?"

"Mama, hesabu haiingiliane."

"Njo utakufa bila kuoa, weye. Mwanamuke gani atakubali bamupime kila asubui?" Akacheka, akageukia ukuta, akalala.

Hesabu ilikataa hivi: kwa nje, upande wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko vyumba vyote vya ndani vikijumlishwa. Ilibaki mita moja na kidogo isiyo na mwenyewe. Ni dohani, nikajiambia, imejazwa matofali. Lakini kujiambia si kupima. Kwenye korido, karibu na sakafu, tofali moja lilikuwa linacheza. Nikalitoa, nikasukuma ndani ncha ya meta yangu ya chuma. Ilipaswa kugonga tofali jingine hapo hapo. Ikaendelea kuingia.

Kwa kuwa hufanya kazi peke yangu, nina tabia ya kuongea na meta. Nikasema, kama ninavyosema siku zote: "Shika hapo. Usiachilie mupaka nikuambie."

Meta ikakaza.

Unajua inavyokuwa mtu akiishika upande wa pili? Haifanani na meta iliyonasa kwenye msumari. Mkono wa mtu hutetemeka kidogo, na ule mtetemo niliuhisi vidoleni mwangu. Unadhani nilikimbia? Nilisoma kipimo. Mita moja na sentimita kumi na mbili. Nikaandika. Kisha, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikasema, "Tena." Ikalegea, ikakaza. Kumi na mbili. "Tena." Kumi na mbili.

"Chef," sauti ya mwanaume ikasema kutoka ndani, kavu, ya upole, ya kibarua kwa bosi wake, "mukono inachoka."

Nikauliza: "Ni nani?"

"Ni miye wa matofali, chef. Musimamizi alisema niingie nikamate ukuta mupaka ukauke. Alisema usiachilie mupaka nikuambie. Kisha balinifunga humu. Hakurudi tena, chef. Sasa weye unakuya, unasema maneno yake. Niachilieko?"

Niliwasha taa ya simu, nikaweka jicho kwenye tundu. Niliona viganja viwili, vyekundu kwa vumbi la tofali, vimekandamiza ukuta wa chumba cha mama. Ncha ya meta ilikuwa katikati ya vidole viwili. Viganja viliishia kwenye vifundo vya mikono. Baada ya hapo hakukuwa na mtu.

"Papa," nikauliza, kama ninavyomwita kila mzee, "ukiachilia, itakuwa nini?"

"Ukuta utaanguka, chef. Huku iko wazi. Ni miye tu."

Ng'ambo ya ukuta ule nilimsikia mama akikoroma.

Ungefanya nini? Ningeweza kumwamsha, kumtoa nje polepole na mguu wake, kuwaita wengine, kisha kusema neno moja: achilia. Familia nne zingelala kwenye mvua, na yeye angepumzika. Nililijua hilo. Nikasema, "Bado, Papa. Shika."

Hakunitukana. Alisema, "Ndiyo, chef," kama mtu aliyezoea. Kisha meta ikavutwa kutoka mikononi mwangu, yote, ikapotelea ndani.

Mchoro ulikubaliwa Jumatatu. Maofisa walisema hawajaona kazi safi namna ile. Kila mstari wake ni wa kweli isipokuwa pale penye dohani ya kushoto, ambapo nimejaza wino mweusi, maana yake ukuta mzima.

Mwezi uliofuata nilipata kazi Kipushi, karibu tu. Siku ya pili, saa kumi, mama akapiga simu. "Kuko muntu mu ukuta anaita chef. Na vumbi inaniangukia mu kitanda."

"Ni panya, Mama."

"Panya gani inasemaka chef?"

Nilirudi na pikipiki ya kwanza niliyoiona. Tangu hapo sijaondoka mjini. Kila siku saa kumi napiga magoti kwenye korido, natoa tofali. "Chef, niachilieko?" "Bado, Papa." Nimemtafutia mama chumba kwingine, hataki kusikia. "Nihame kwa nini? Nyumba si uliiokoa weye?" Majirani nao wamebandika nakala ya mchoro wangu mlangoni.

Kwa hiyo wewe unayepima nyumba za zamani peke yako, nisikie. Kitu kikishika upande wa pili wa meta yako, usisome kipimo. Mwambie aachilie hapo hapo, kabla hujajua anabeba nini, maana ukishajua hutaweza tena. Jana sauti yake ilikuwa hafifu kuliko juzi, ikabidi nibandike sikio ukutani ili nimsikie.

Sasa ni saa tisa na nusu. Lazima niende.