Sista Aonje Kwanza

Mjomba wangu ni fundi viatu. Hukaa barazani kwetu kwenye kigoda, kiatu cha mtu kimebanwa katikati ya magoti, misumari midogo ameishika kwa midomo. Alipotoka hospitali ya wagonjwa wa akili, alishika jambo moja tu: kwamba tunamwekea kitu kwenye chakula. Tulikula sufuria moja, na bado alitutazama midomo kama anayengoja mmoja wetu aanguke.

Aliyemrudisha mezani ni Sista, muuguzi aliyekuja kila Jumatano. Hakumbishia. Siku ya kwanza alichukua kikombe cha chai cha mjomba, akapiga funda moja, akamrudishia.

"Nikifa, viatu vyangu uvirithi."

Mjomba alivitazama miguuni pa Sista. "Hivi? Kisigino umekila upande mmoja kama panya. Nimekukosea nini?"

Kisha akanywa. Ikawa ndiyo kawaida yao: Sista aonje kwanza, mjomba afuate.

"Hakuna anayekuwekea kitu," Sista alimwambia. "Ni ugonjwa unaosema hivyo. Siku kikiwekwa, nitakwambia mimi mwenyewe."

Mwaka ukapita. Alianza kula hata Sista asipokuwepo. Lakini vidonge alivyopewa hospitali vilimtetemesha mikono. Sindano ilikataa kuingia kwenye ngozi, ikaingia kidoleni. Sista alipeleka habari kwa daktari, akarudi na jibu kwamba avumilie, mwili utazoea.

"Daktari yeye anashona nini?" mjomba aliuliza. Akaacha vidonge. Wala hakuficha: "Sista, nimeacha. Nakwambia usije ukasikia kwa watu."

Baada ya wiki tatu sauti alizokuwa akizisikia kichwani zilirudi. Akakichana kiatu cha mteja kwa kisu, akitafuta kilichofichwa ndani ya soli. Siku ile mama, ambaye ni dada yake, alimfuata Sista hadi barabarani.

"Sista, mwanangu, mimi nakiogopa kile kisu. Watu wa hospitali wakija kumfunga kamba tena atakufa."

Jumatatu Sista akampa mama kichupa kutoka kwa daktari. Matone yasiyo na rangi wala ladha. Macho ya mama hayaoni vizuri, kwa hiyo niliyeyadondosha kwenye chai ni mimi. Mjomba alikunywa. Chai aliiamini hata katika hali ile, kwa kuwa Sista alikuwa ameidhamini. Usiku alilala. Tukashukuru.

Jumatano Sista alikuja, nami nikaleta kikombe kama kawaida, matone yakiwa ndani. Sikufikiri. Mjomba akampa.

"Haya, mwonja sumu, fanya kazi yako."

Sista alikipeleka mdomoni. Hapo akaniangalia, na mkono ukasimama.

"Leo nimeshiba, mjomba."

"Funda moja tu. Shibe gani inakataa funda?"

Ufagio wa mama ulikuwa ukisikika uani, ukanyamaza. Sista akaweka kikombe chini.

"Ni dawa," alisema. "Ni dawa tu. Tulitaka upone."

Mjomba hakufoka. Alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Kumbe sikuwa mgonjwa," alisema.

Tangu siku ile hula mayai anayoyachemsha mwenyewe, na ndizi, ambazo huzigeuza-geuza akitafuta tundu la sindano kabla ya kumenya. Mikono haitetemeki tena, lakini wateja wameacha kuleta viatu. Ukimwambia ni ugonjwa, anakutazama kwa huruma. Mama husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi naona yeye aliushtukia ung'ongo, ukuti mtupu, mwaka mzima, ndipo sisi tukamletea nyoka.

Sista bado anakuja. Mwezi uliopita alivua viatu mlangoni, na alipotoka akakuta visigino vimenyooshwa, vimepigwa misumari mipya. Alirudi ndani mbio, macho yamelowa, akaomba chai, akatoka nayo barazani. Safari hii hakuishia kwenye funda moja. Alikunywa kikombe hadi nusu, mjomba akimtazama, kisha akampa.

"Asante, Sista," mjomba alisema kwa adabu, akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka kando ya kigoda.

Sista alingoja mpaka magari ya jioni yakaanza kupungua, akaondoka. Nilipokwenda kuosha vyombo, nusu ile ilikuwa palepale, imefanya utando.