Jeraha Nililolitunga Mguuni

Nilidanganya kuhusu mguu wangu mwenyewe. Dakika tano baadaye nilikuwa nimelazwa kwenye kochi la baba mkwe mtarajiwa, naye kashika mkasi.

Tulieni niwape mkasa wenyewe.

Mimi naosha magari. Masaa kumi kwa siku, miguu iko ndani ya mabuti ya mpira. Jioni nikiyavua, hata paka wa jirani anahama.

Mchumba wangu, fundi cherehani wa sare za shule, hakuwahi kujua. Tulikuwa tunakutana nje, penye upepo.

Siku ya kutambulishwa kwao, nafika mlangoni, viatu vimepangwa mstari.

"Karibu mwanangu," mama yake akasema. "Viatu acha hapo."

Nikaganda.

"Samahani mama. Nina jeraha mguuni, nimefunga bandeji. Daktari kanikataza kuvua."

"Jeraha la nini?" Sauti nzito ikatoka ndani.

Mchumba alishaniambia baba yake amestaafu. Amestaafu kazi gani, sikuuliza.

Uuguzi. Miaka thelathini, wodi ya vidonda.

"Lala hapo nikuangalie," mzee akasema, mkasi mkononi.

Dirishani nondo. Mlangoni mama. Pembeni yangu mchumba, kanishika mkono kwa huruma. Nikajua leo sitoki.

Mzee akafungua kamba. Kiatu kikatoka.

Mama alikwenda taratibu akafungua dirisha. Mchumba akauachia mkono wangu.

Soksi ikavuliwa. Unyayo mweupe, umejikunja kwa maji, una vishimo vishimo kama ubao ulioliwa na mchwa.

"Jeraha liko wapi?"

"Halipo, mzee."

Akaweka mkasi chini, akavaa miwani.

"Jasho peke yake halinuki," akasema. "Bakteria wanalila kwenye ngozi iliyolowa. Hivi vishimo ni kazi yao. Viatu unabadilisha?"

"Ni hivi hivi, na kazini mabuti yale yale kila siku."

"Soksi?"

"Za nailoni."

Akaguna. Akaniandikia kwenye karatasi: osha kwa sabuni kila siku, kausha mpaka katikati ya vidole, vaa soksi za pamba na ubadilishe mchana. Viatu jozi mbili kwa zamu, zipate kukauka. Dawa ya kupaka ya kuua bakteria, uulize duka la dawa. Usipopata nafuu, kliniki.

Nikashusha pumzi. Mapema mno.

"Ya miguu itakwisha," mzee akasema. "Ya mdomo sina dawa yake. Neno lako la kwanza nyumbani kwangu ni uongo. Nenda kwanza."

Mchumba hakunisindikiza.

Nilifuata ile karatasi kama mtihani. Wiki ya nne harufu ikawa imekatika, nikarudi.

Mzee hata miguu hakuitazama.

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja kusema kitu," nikamjibu. "Nilimwambia mwanao mimi ni msimamizi pale kazini. Sio kweli. Mimi naosha matairi."

Mchumba alikuwa kasimama kwenye korido.

"Najua," akasema. "Nilipita pale mara mbili, nikakuona umechuchumaa na brashi. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Mzee akavuta kiti. "Kaa."

Mwaka jana tumeoana.

Wewe unayesoma hapa huku umeificha miguu chini ya meza, kesho pitia duka la dawa, utaishi kwa amani. Na kama kuna kingine umekificha, kiseme. Huenda mwenzio anakijua siku nyingi, anakuvumilia tu.