Cheni za Kupandia kwa Mama Mkwe

Masika yale nilikuwa nimechoka kabla mvua hazijaanza. Siku za kazi nilifundisha mjini Morogoro kutwa nzima, na mwisho wa wiki mimi na mke wangu tulipanda milimani na pikapu yetu kuukuu yenye viti vya nyuma kumwona mama yake. Aliishi peke yake, juu kupita Mkuyuni, mahali ambapo barabara inaishia kwenye migomba. Tulishamwomba ahamie kwetu. Tukamwomba tena, kisha tukaacha.

Kiangazi njia ile haina neno. Masika ule udongo mwekundu huloa ukawa kama sabuni, na ukishakanyaga breki umeharibu. Jumamosi moja, kwenye mwinuko wa mwisho, gari lilianza kurudi nyuma. Mguu wangu ulikuwa umezamisha breki hadi chini, matairi yamesimama kabisa, na bado tulikuwa tunakwenda. Likageuka ubavu, tairi la nyuma likagota kwenye kisiki cha mkarafuu. Nyuma ya kisiki lilikuwa bonde.

Mke wangu alifungua mlango wake taratibu, akashuka, akachukua kikapu chenye mikate na dawa za mama yake, akaanza kupanda kwa miguu. Hakugeuka. Mimi nilibaki kuwasubiri watu waje kunisukuma.

Jumatatu nilipotoka shuleni mke wangu alinikuta barazani, sijavua hata viatu.

"Masika haya mimi gari lile silipandi," akasema.

"Mama tutamfikiaje?"

"Kwa miguu. Au utafute cheni."

Cheni nilikuwa nazijua kwa macho tu. Malori ya mbao huzifunga kwenye matairi ya nyuma ili yang'ate tope. Sikuwahi kufikiri kwamba mwalimu anayepanda mlima miezi michache kwa mwaka naye anazihitaji. Lakini nilipofumba macho nilikiona kile kisiki, kwa hiyo kesho yake tukaenda pamoja kwenye duka la spea za mtumba, upande wa Msamvu.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alitusalimia, akasikiliza, akaingia ndani akatoka na kisanduku cha plastiki chenye maandishi ya Kijapani na picha ya gari kwenye theluji. Magari ya mtumba huja na vitu hivyo kwenye buti, alisema, na wenyeji wengi hawajui ni vya nini.

"Kule wanafungia theluji," akasema. "Lakini utelezi ni utelezi."

Tulizijaribu pale pale nje. Zilitengenezewa gari dogo. Kwenye tairi letu ncha hazikukutana, zikabaki wazi kwa upana wa kiganja. Nikasema labda tukizivuta zitafika. Mke wangu akanitazama, nami nikaziweka chini.

Kisha muuzaji akaleta za lori, zilizokatwa zikapunguzwa. Hizo zilienea. Kila pingili ilikuwa nene kama kidole gumba, na muuzaji alisema hata mwamba hauzikati. Nilizipenda. Nikainama nizinyanyue, na mgongo ukanikumbusha umri wangu.

"Utaweza kuzifunga mwenyewe?" mke wangu akauliza. "Sisemi hapa. Nasema mlimani, mvua inanyesha, umelala chini kwenye tope, na umechoka kama ulivyo sasa."

Nikajishika kiuno.

"Basi hizo siyo," akasema.

Zilizobaki zilikuwa za gari la porini, chuma cha wastani, zimesukwa kama wavu, zenye ndoano ya kukazia kwa nje. Nililala juu ya boksi, nikapitisha mkono nyuma ya tairi, yeye akanishikia ncha. Mara ya kwanza nilizigeuza, ncha kali za ndoano zikaelekea kwenye mpira. Nikazitoa, nikaanza upya, jasho likaniingia machoni, lakini zikakaa. Muuzaji alisema ukweli wake: zikikutana na jiwe kali, hana la kuahidi. Tukazichukua.

Wiki ile ile jirani wa mama alipiga simu asubuhi. Mama ameteleza akitoka kisimani, amelazwa kitandani, mguu hausogei.

Tuliondoka mvua ikinyesha. Mwinuko ulipoanza nilisimama, nikafunga cheni kwenye matairi yote mawili ya nyuma, kwa kuwa ndiyo yanayosukuma gari. Nikaendesha hatua chache, nikashuka kuzikaza tena, maana zilikuwa zimelegea. Kisha tukapanda kwa gia ya kwanza, chuma kikigonga chini kwa kelele, na gari halikurudi nyuma hata mara moja. Mke wangu alishikilia dashibodi kwa mikono yote miwili mpaka tukafika.

Nilisimama nje ya chumba, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mmepita wapi na mvua hii?"

"Njia ile ile."

Majirani walimtoa na godoro lake, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha pikapu. Safari hii hakubisha, na kutobisha kwake ndiko kulikonitia hofu.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Katikati ya mteremko tulikanyaga jiwe, na cheni ya kushoto ikakatika, ikaanza kulipiga bati la gari kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Nikasimamisha gari. Mke wangu akaweka jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele, mimi nikalala chini na waya na koleo, nikaiunga pingili iliyoachia. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilipoimaliza sikuinuka. Tope lilikuwa baridi, mvua haikunifikia pale chini ya gari, na hakuna aliyekuwa ananihitaji kwa dakika ile. Nikatulia.

Mke wangu akachungulia. "Imeshindikana?"

"Imekubali."

"Sasa?"

"Sasa nimelala."

Nilidhani atanigombeza. Akachuchumaa pale pembeni ya tairi, akaweka kidevu juu ya magoti, akakaa akiitazama njia. Sauti ya mama ikatoka ndani ya gari, tulivu kabisa.

"Mmekufa huko?"

"Bado, mama," nikasema, nikajikokota kutoka.

Pale hospitali mlangoni hapakuwa na machela karibu, na mhudumu aliyekwenda kuitafuta hakurudi. Mke wangu peke yake asingeweza kumbeba. Nikabaki nimesimama na nguo zangu za tope, kwa sababu tangu nioe sikuwahi hata kumshika mkono mwanamke yule. Yeye ndiye aliyekata shauri.

"Nibebe tu, baba," akasema. "Heshima tutaiokota baadaye."

Nikambeba. Alikuwa mwepesi, akageuzia uso wake ukutani njia nzima, nami nikatazama mbele.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Ilichukua muda mrefu kuunga, na sasa anaishi nasi, kwenye chumba kinachotazama mlima. Analalamikia joto, mbu, na ladha ya maji ya bomba. Wingu likitanda juu anauliza nani anakata migomba yake. Mke wangu humjibu. Mimi nikirudi kutoka kazini sina maneno yaliyobaki. Nyumba yake ya mlimani tumempa jirani akae, isije ikaoza kwa ukiwa.

Juzi nilipita mlangoni pake nikiwa na mkoba begani. Akaniita, akaniambia nikae kidogo. Nikakaa kizingitini, yeye kitandani, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka chai ikaletwa.