Vipimo vya Watu Kwenye Simu ya Fundi Miwani

"Tumbo langu limefika ng'ambo kabla yangu! Mimi mwenyewe hata pasipoti sina!"

Muuza nyama alikuwa amesimama katikati ya kibanda cha fundi cherehani, simu ameinyoosha kama refa anayetoa kadi nyekundu. "Soma hapa! Soma kwa sauti, maana dunia nzima imeshasikia, wamebaki hawa tu wa kwenye benchi!"

Fundi Miwani akasogeza miwani yake. Alivaa mbili kwa pamoja, ya kuonea sindano na ya kuonea watu, na aliyewahi kumshauri vinginevyo alipoteza mate yake bure. Akasoma: "Mpendwa mteja, kiuno chako kimeongezeka inchi sita. Bonyeza hapa upunguze kitambi kwa siku kumi."

"Kwani inchi sita ni uongo?" akauliza.

"Siulizi uongo! Nauliza wamejuaje!"

"Labda wamekuona unapita."

Benchi zima likavunjika mbavu. Muuza nyama naye ni mtu wa utani, akajitahidi kukunja uso, ukamshinda, akaondoka akisema suruali ijayo ashonewe ya mpira. Fundi alicheka hadi akapenga kamasi. Kisha akashika tena kitambaa, akaingiza sindano, na sindano ikaishia hapohapo. Alikuwa amemkumbuka Mwalimu.

Fundi huyu alikuwa na namna yake ya kupima watu. Wenzake hupima kwa kelele: "Kiuno arobaini na nne!" na mtaa mzima unajua umekula nini mwaka huu. Yeye alipima mdomo umefungwa. Anazungusha futi, anatazama, anaandika mwenyewe kwenye daftari. Wanawake walivuka barabara tatu na mafundi sita kumfuata kwa sababu hiyo. Na penye la ziada hakuandika maneno, alichora. Mwenye bega moja chini alipata kimstari. Anayesimamia mguu mmoja, kiduara. Ukiliiba daftari lile ungedhani ni la mganga.

Mwalimu alisoma darasa moja na mke wa fundi, kwa hiyo wakaitana shemeji. Alifundisha hesabu, na kwa miaka ishirini na moja hakuvaa gauni la fundi mwingine. Miaka sita iliyopita alirudi kutoka likizo ndefu, akakaa kwenye benchi mpaka mteja wa mwisho akaondoka.

"Shemeji," akasema, "upande wa kushoto hakuna kitu. Wamekata. Anajua daktari, najua mimi, na sasa unajua wewe. Wanangu wanajua nilitolewa uvimbe, basi. Nitawaambia siku nitakayoweza."

Fundi hakusema pole, maana aliona pole ingemliza mmoja wao. Akapima. Kwenye ukurasa wa Mwalimu akachora sindano ndogo. Tangu siku hiyo kila gauni la Mwalimu lilikuwa na mfuko wa pamba ndani ya bitana, kushoto, umetulia kiasi kwamba walimu wenzake walimwambia, "Wewe mwenzetu huzeeki!" Hata mke wa fundi hakuambiwa.

Ndipo mwaka juzi binti wa fundi akamletea baba yake maendeleo. Akamwekea kwenye simu programu ya vipimo, akamlipia mara moja. "Ni yako maisha, baba. Madaftari kumi na saba ya nini?"

Programu ikaanza maswali. Isome majina ya watu wako? Ruhusu. Ijue ulipo? Ruhusu. Picha? Ruhusu, ruhusu. Pa kukatalia palikuwepo, ila herufi zake zilikuwa ndogo hata kwa mwenye miwani mbili. Kuchora ilikuwa haijui. Ilikuwa na sehemu ya "maelezo ya mwili", na usipoijaza haikupeleki mbele. Daftari halikuwahi kumshika shati hivyo. Basi mchana mmoja, akiwa na haraka ya kumaliza kurasa za M, akaandika kwa maneno kamili: "Titi la kushoto limekatwa. Weka pamba." Akabonyeza. Kurasa za madaftari akazikata violezo vya kola na mifuko.

Baada ya mwaka programu ikatoweka kwenye duka lake humo simuni. Ikarudi na jina jingine na rangi nyingine, imenunuliwa na watu wengine, na haikufunguka mpaka ulipe kila mwezi.

"Si tulinunua?" fundi akamuuliza binti.

"Tulinunua ruhusa ya kuitumia, baba. Siyo yenyewe."

"Na vipimo vyangu?"

"Viko kwao."

"Kwa hiyo nimenunua kabati, seremala kabaki na ufunguo, nguo zangu zimo ndani, na yeye anazivaa."

Binti akacheka. Fundi naye akacheka, akaanza kupima watu upya, akaona yameisha.

Hayo yote yalimpitia kichwani siku ile muuza nyama alipoondoka. Alitakiwa afunge kibanda aende kwa Mwalimu saa ileile. Alilijua hilo. Lakini utaanzaje? Akajiambia labda kwake hawatatuma. Akajiambia kesho, amalize kwanza sare za watu. Siku moja Mwalimu alipita ng'ambo ya barabara, akampungia mkono. Naye akampungia mkasi, akajifanya ana kazi nyingi. Wiki tatu zikapita hivyo.

Jumatatu Mwalimu akaja. Fundi alikuwa anapiga pasi pindo la sketi. Mwalimu akakaa kwenye benchi mpaka watu wakaisha, na fundi akajua kabla hajafungua mdomo.

Akaweka simu juu ya meza ya kukatia, ujumbe uko wazi: "Mpendwa mteja, tuna sidiria maalumu kwa waliokatwa titi la kushoto."

"Simu alikuwa nayo mwanangu mkubwa," akasema. "Namwambia jitumie ile picha ya harusi, yeye anasoma hiyo. Mtu wa miaka ishirini na tisa, shemeji, ana mke. Alikaa jikoni akalia. Wala hakulilia ugonjwa. Alilia kwamba duka limejua kabla yake."

Fundi akatazama pasi.

"Ifute habari yangu," Mwalimu akasema.

"Siwezi. Programu haifunguki. Na binti anasema hata nikilipa, nitaifuta huku kwangu tu. Kwao inabaki."

Laiti angefoka. Kelele za muuza nyama alizimudu. Lakini Mwalimu alikaa tu, mkoba mapajani, kama mzazi anayesubiri zamu yake zahanati.

"Nasikia na muuza nyama walimtumia."

"Walimtumia."

"Lini?"

"Ni... wiki ya tatu hii."

Mwalimu wa hesabu hakuhitaji kalamu. "Kwa hiyo siku ile unanipungia mkasi, ulikuwa unajua."

Fundi akapiga tena pasi pindo lililokwisha kunyooka.

"Mimi na hiyo programu hatujuani, sina ugomvi nayo. Sikuiambia kitu. Nilikuambia wewe." Akasubiri lori lipite nje. "Nijibu moja tu, shemeji. Nisingekuja leo, ungekuja kuniambia?"

Fundi akachomoa waya wa pasi ukutani. Akaikunja sketi ya watu mara mbili, akaiweka kando vizuri. Kisha akapita mbele ya magoti ya Mwalimu, akatoka, akashika njia ya kuelekea stendi bila hata kufunga kibanda, swali la Mwalimu akiliacha juu ya meza pamoja na simu.