Lori la Marehemu Mjomba Nimeligawa kwa Hasira

Mhariri, jina langu lifiche, na la kijiji changu pia, maana gazeti lako likifika huku husomwa kwa sauti dukani na kila mtu anasikiliza. Nina miaka arobaini na sita, nina mke na watoto, nimesoma mpaka darasa la nne, ni mkulima upande huu wa Kilosa. Nakuandikia nikiwa na hasira, na nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Marehemu mjomba wangu, kaka yake mama, aliacha lori. Ni lori la zamani la pua ndefu, lililoletwa kwa meli kutoka Ulaya na mzungu mmoja wa shamba la mkonge. Yule mzungu alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia mjomba, aliyekuwa dereva wake. Mjomba alipofariki likakaa tu nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Sasa kwetu urithi unapita upande wa mama. Mali ya mjomba ni yetu sisi wapwa, si ya watoto aliowazaa. Kwa hiyo lori likawa langu, ingawa mtoto wake, nimwite Saidi, ndiye aliyekuwa utingo wake miaka yote.

Mwaka huu binti wa dada yangu amechumbiwa Mikumi. Mimi ndiye mjomba wake, mimi ndiye wa kumtoa nyumbani na kumfikisha kwa mume. Ukoo ukasema tulifufue lori, bibi harusi aende nalo. Nikamwita Saidi, akaja bila kinyongo. Kiangazi chote tulishinda chini ya lile lori. Saidi alipanda basi mpaka Dumila, akafika na Morogoro kutafuta vipuri. Akabadilisha mbao za bodi, akalipaka rangi ya kijani. Mimi nilikuwa wa kushika spana. Tulicheka sana siku zile, nasema kweli.

Siku ya kuliwasha, wakwe wa Mikumi walikuwepo. Saidi akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikashika. Vigelegele vikapigwa. Mkwe mmoja mzee akauliza, "Lori hili la nani?"

Saidi akafuta mikono, akanionyesha kwa kidevu. "La huyu bwana mrithi. Hajui oili inamiminwa wapi, lakini kazaliwa kwenye tumbo lenye mali. Mimi kosa langu nilizaliwa na baba."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na wewe msomaji wa kwetu unajua, mtoto wa mjomba ni mtani wako. Akikutania, hata msibani, unacheka au unamrudishia. Hukasiriki. Mimi nilikasirika. Nilijiona nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Nikamwambia, "Usukani huo hutaushika tena."

Akadhani namrudishia. "Utaendesha wewe? Basi bibi harusi abebe na sanda yake kabisa."

Wakacheka tena. Mimi nikazidi kuchemka.

Wiki ileile kukawa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akawa analalamika kuwa kijiji chetu cha ujamaa hakina chombo cha kubebea mazao. Nikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, natoa lori langu liwe mali ya kijiji." Makofi yakavuma, nikaitwa mjamaa wa kweli. Uongo mtupu. Kijiji sikukifikiria hata kidogo. Nilitaka Saidi asiuguse tena ule usukani, basi. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya watu. Alivaa kofia yake akaondoka, na sasa nasikia yuko Kilangali anafanya kibarua.

Harusi imekaribia. Nimekwenda kwa Mwenyekiti kuomba lori kwa siku moja tu. Akanijibu bila kuniangalia, "Ndugu, siku hiyo linabeba matofali. Au umeshaanza kurudia ubepari?" Ananiambia mimi maneno hayo, juu ya lori la mjomba wangu, na rangi ya Saidi wameshaichubua na ubao mmoja wa bodi wameuvunja. Lakini nililitoa mwenyewe kwa mdomo wangu, nikageuka nikarudi nyumbani.

Dada yangu haniongeleshi. Juzi mpwa wangu alikuja, akanipa shikamoo, nikaitikia, akakaa. Akasema, "Mjomba, lori mimi silidai. Hata treni inafika Mikumi. Lakini kama Mjomba Saidi hatakuwepo kwa sababu yako, na wewe usinitoe. Nitatafuta mtu mwingine wa ukoo."

Kwetu mjomba akikataliwa na mpwa wake, amezikwa akiwa hai.

Nikisimama mkutanoni niseme lori nililitoa kwa chuki, nitaitwa adui wa kijiji, na lori pengine nisilipate. Nikienda Kilangali, nitamwambia nini Saidi? Mtani haombwi radhi, maana mtani hakosewi. Sijawahi kumsikia mtu akimwomba mtani wake msamaha, wala sijui maneno yake yanaanzaje. Na huyu nimemkosea, tena kwa mali ya baba yake.

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi mliowahi kukosana na mtani, niambieni mlianza na neno gani. Mpwa wangu ananisubiri, na mimi bado nimekaa nyumbani.